Kopo la mkaa, uniti za LUKU na kodi ya miezi sita: vilivyokua vinanimaliza Dar

Kilichonifungua macho ni mkaa. Mwaka 2018 huo, nakaa Buguruni chumba kimoja, kila jioni nikitoka kazini Kariakoo napitia kwa mama mmoja anauza mkaa pale kona, nachukua kopo la 1,500, naenda kuwasha jiko, napika, nalala, kesho tena hivyo hivyo. Sasa siku hiyo mvua ikanikuta hapo hapo kibandani kwake, nikawa nimesimama nasubiri ipungue, nikajikuta naliangalia lile kopo analopimia. Ni kopo la rangi la lita nne, na kitako chake kimegongwa kikaingia kwa ndani kama bakuli lililofunikwa. Yaani juu mkaa umejaa kichuguu kabisa unaona mama wa watu amekupendelea, kumbe chini kuna nafasi ya ngumi mbili nzima haina kitu.

Sikumchukia, naomba nieleweke hapo, kwa sababu na yeye nilikua najua anachukua gunia kwa mali kauli na jioni lazima arudishe hela ya watu. Ila usiku ule nikachukua daftari nikaanza kuandika. 1,500 mara siku 30 ni 45,000. Gunia zima wakati huo pale pale Buguruni lilikua 55,000. Nikasema ngoja nijaribu, nikabana nikabana, mwezi wa pili yake nikanunua gunia nikaliweka uvunguni kwa kitanda kwenye turubai, na tarehe niliyolifungua nikaiandika ukutani kwa mkaa huo huo. Gunia lilikaa siku 54. Kwa kopo zingekua 81,000.

Nilikaa nikaitazama ile hesabu muda mrefu sana. Elfu 26 ndani ya miezi miwili kasoro, mimi mshahara wangu 220,000, na hapo ni mkaa tu, bado sijagusa mafuta, mchele, umeme, chumba chenyewe. Nikajiuliza kwa hiyo miaka yote hii nimelipa kiasi gani kwa sababu tu sikua na elfu 55 siku moja mkononi?

Mimi ni mtu wa Njombe, nimeingia Dar Novemba 2016. Nyumbani hatukua na hela ila tulikua na debe. Mahindi tukivuna yanakaa ndani mwaka mzima, mama akitaka unga anapima debe anapeleka mashine, kuni tunaenda kuchanja, mafuta ya alizeti tunakamua tunaweka dumu la lita 20 chini ya meza. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kununua unga nusu kilo. Ndio maana nilivyofika kwa mama mdogo Mbagala nikawa nashangaa mtoto anatumwa dukani mara tatu kwa jioni moja, mara mafuta ya mia tano, mara sukari robo, mara kiberiti na kitunguu kimoja. Nilidhani ni uvivu wa kupanga, nikajiambia mimi nikianza maisha yangu sitaishi hivyo. Na nilivyoanza nikaishi hivyo hivyo.

Chumba changu cha kwanza kilikua Chanika, Machi 2017. Nilikichagua kwa bei, 25,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anakubali miezi mitatu mitatu, umeme upo, maji ya kisima yapo uani. Niliona nimepata. Kazi yangu ni duka la vifaa vya ushonaji Kariakoo, naingia saa mbili asubuhi, kwa hiyo ili niwahi inabidi saa kumi na moja alfajiri niwe nimesimama kituoni, daladala mpaka Gongo la Mboto, pale unagombania nyingine ya kwenda mjini, jioni hivyo hivyo kinyume chake. Nauli ilikua inanitoka karibu 2,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000, yaani nauli ni mara mbili ya kodi ya chumba! Na sio hiyo tu, ukitoka nyumbani alfajiri hujanywa chai, kwa hiyo chai na chapati mbili za 1,000 unanunua pale karibu na kazini, 26,000 hiyo. Mchana mama ntilie. Usiku ukichelewa kushuka stendi boda ya buku kuingia ndani kwa sababu ile njia giza na mimi mwanamke siwezi kutembea peke yangu. Nikija kujumlisha kodi, nauli na chai peke yake nimefika 103,000, na bado boda sijaweka, na ninalala saa tano naamka saa kumi.

Wakati huo wenzangu wa kazini waliopanga Ilala na Buguruni vyumba vya 60,000 nilikua nawaona wana hela. Hawakua na hela, walikua wanatembea kwa miguu kurudi nyumbani na chai wanakunywa kwao, basi.

Nikaamua nihamie huko. Hapa ndio nikakutana na ukuta wenyewe. Chumba 60,000, mwenye nyumba anataka miezi sita, 360,000. Dalali anataka mwezi mmoja wake, 60,000. Na kabla hujaonyeshwa hata mlango dalali anataka 10,000 ya kukuzungusha, upende chumba usipende. Jumla 430,000 siku moja, kwa mtu ambaye mwezi mzima anapata laki mbili. Nilimuomba mwenye nyumba, bibi mmoja mtu mzima, nikamwamkia vizuri nikamwambia bibi naomba nikulipe miezi miwili miwili, sitakusumbua. Akanijibu kwa upole tu, "Mwanangu, kodi ya mwezi mwezi mimi nimeshaiacha, mpangaji akikwama mwezi mmoja mimi ndio naanza kuonekana mbaya." Na nikamuelewa, maana ile nyumba ndio pensheni yake. Mtaa huo huo nyumba ya tatu kutoka pale kulikua na mwenye nyumba anayekubali mwezi mwezi, chumba saizi ile ile, bati lile lile, choo cha nje kile kile. Yeye anataka 80,000.

Ona hapo. Chumba kimoja bei mbili, ya mwenye mkupuo na ya asiye na mkupuo. Elfu 20 kila mwezi, 240,000 kwa mwaka, unalipa kwa sababu huna 430,000 leo.

Nilikua na akiba 240,000 niliyoikusanya mwaka mzima. Iliyobaki nikaenda kukopa kwa wale wanaokopesha akina mama mtaani, 200,000, ila wanakata 10,000 ya fomu kwa hiyo unaondoka na 190,000, marejesho 26,000 kila wiki kwa wiki kumi. Yaani nimepokea 190 nimerudisha 260. Watu wanaiita kausha damu na jina hilo halijakosewa. Mimi niliimaliza kwa kula ugali na mchicha wiki kumi, naijua kila Jumatano ya hizo wiki ilivyokua. Lakini jirani yangu mmoja aliyechukua mkopo wa namna hiyo kwa ajili ya ada ya mtoto alikwama wiki ya nne, wakaja watu watatu mchana kweupe wakabeba godoro, feni na jiko la gesi, watoto wanaangalia, na tukabaki tumesimama mlangoni hakuna mwenye hela ya kumsaidia. Mpaka leo nikisikia mtu anasema watu wa hali ya chini tunapenda mikopo, natamani angekuwepo pale mlangoni.

Sasa nyumba ile ya Buguruni ilikua na vyumba nane na mita moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Aliyewahi kupanga uswahilini anajua nazungumzia nini. Ukutani kwenye korido kuna karatasi imebandikwa, majina ya vyumba, kila mwezi kila chumba 10,000, na kila mwezi kuna ugomvi, huyu ana friji, huyu anapiga pasi nguo za watoto watano, huyu ana heta ya kuchemshia maji ameificha. Mimi nina taa moja, feni usiku na simu. Nilikua natoa 10,000 kama wote kwa sababu sikujua hata kuuliza.

Aliyenifundisha ni kijana mmoja fundi umeme alikua mpangaji wa chumba cha nje. Aliniambia dada, tatizo sio mwenye friji, tatizo ni mita kuwa moja. Akanichorea. Wakati ule mtumiaji mdogo, ambaye hazidishi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja alikua anaipata kwa 100, ukiweka na makato yale mengine inafika 122. Nyumba ya kawaida inayozidi hapo uniti ni 292, na makato inakua 356, ndio maana ukiweka 10,000 unapata uniti 28. Sasa vyumba nane kwenye mita moja mtakaaje chini ya uniti 75? Haiwezekani. Kila chumba chetu ni mtumiaji mdogo, lakini tukiwekwa pamoja mashine inatuona kama tajiri mmoja. Feni yangu na taa yangu kwa mwezi alizipigia hesabu hazifiki hata uniti 15, kwa ile bei ya mtumiaji mdogo ni kama 1,800. Mimi natoa elfu kumi!

Kumshawishi bibi abadilishe kuwa mita nane ilikua ngumu, gharama yake kubwa na nyumba sio yangu. Tulichofanya tuliweka sabmita, vile vimita vidogo vya kupima chumba kimoja kimoja, kila chumba kinunue chake 30,000 na fundi tukampa elfu tano tano. Bei ya uniti ikabaki ile ile ya 356 lakini angalau kila mtu analipa alichokula, mimi nikashuka mpaka 5,500 kwa mwezi, na ugomvi wa korido ukaisha. Ile 30,000 ilirudi ndani ya miezi saba. Vyumba viwili havikununua mpaka mwaka uliofuata, na sio kwa ubishi, hawakua nayo. Hao wakaendelea kutoa elfu kumi zao kila mwezi kwa makadirio.

Baada ya hapo daftari likawa kama ugonjwa, kila kitu napima. Nikaenda kwa mangi nikasema "Mangi nipimie mafuta ya mia tano," kile kipakti cha nailoni nikafika nyumbani nikakimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka chupa ikajaa. Vipakti kumi. 5,000. Lita nzima hapo hapo kwa mangi juu ya kabati ilikua 3,500. Sabuni ya mche ukikatiwa vipande ni hivyo hivyo. Bando la intaneti la buku kwa siku ni 30,000 kwa mwezi, la mwezi mzima wakati huo lingeniishia nusu yake. Sukari robo, majani ya chai kijiko, sembe nusu. Kila mahali nilipogusa ilikua stori moja, ukinunua kidogo unalipa kikubwa, na wanaonunua kidogo ni wale wale ambao hawana.

Ndipo tukaanza wanne. Mimi, dada wa saluni chumba cha pili, mwalimu wa chekechea, na mama mmoja tunamuita Bi Mkubwa kwa sababu ndiye aliyekaa ile nyumba muda mrefu kuliko wote. Bi Mkubwa alikua anaijua Dar kwa masoko. Mchele alisema Tandale, na kweli Tandale gunia tulipata kwa 1,600 kilo wakati mangi anauza 2,000, tukachukua kilo 50 tukagawana kwa mzani wa kuazima, tukamlipa mtu wa toroli na daladala tukapakia nyuma kwa elfu moja. Ndizi na mananasi alisema Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi. Nyanya, vitunguu na hoho Ilala, ila uwahi malori yanaposhusha, ukifika saa nne ushauziwa na mtu wa tatu. Samaki Feri, na Feri tulikua tunaenda Jumapili, tunafika saa kumi na mbili asubuhi, pale wanauza kwa mnada na anayesita anakosa, Bi Mkubwa anapiga bei sisi tumeshika ndoo. Vibua vya ndoo moja tunagawana wanne, hatuna friji, kwa hiyo siku hiyo hiyo nyumba nzima ni kuparua na kukaanga mpaka mchana, na samaki wa kukaanga mkavu anafika Jumatano hajaharibika.

Hatukupatia mara zote. Kuna tenga la nyanya tulinunua 30,000 tukifurahia bei, Dar joto la Februari unalijua, siku ya nne nusu imevuja maji chini ya kitanda cha mwalimu, tukawa tunagawa kwa majirani kwa lazima. Kuna maharage nilijifanya nimeweka akiba ya miezi minne peke yangu, nayaangalia mwezi wa pili yamebunguliwa unga mtupu, Bi Mkubwa akanisema kweli kweli, "Wewe mtu wa shamba unashindwaje kujua maharage yanatiwa majivu?" Nikanyamaza, maana mama nyumbani alikua anafanya hivyo na mimi nilisahau. Tukaweka utaratibu wetu, mchele, mkaa, mafuta ya dumu la lita 20, sabuni na sembe tunanunua pamoja, nyanya na mboga za majani kila mtu gengeni kwake, na gengeni huko huna haja ya kuumia roho, fungu la mchicha ni fungu la mchicha.

Mkupuo wenyewe tuliupata wapi? Mchezo. Sio mkopo. Kazini tulikua kumi wa maduka ya jirani, kila Ijumaa kila mtu 15,000, anayepokea anapokea 150,000, kijumbe ni dada mmoja wa duka la vitambaa ambaye sijawahi kuona mtu mwenye msimamo kama yeye, ukichelewesha anakuja kukusubiri dukani kwako mbele ya wateja. 15,000 kwa wiki kwangu ilikua inauma, ni kama kodi ya pili. Lakini siri niliyojifunza ni namba ya kupokea. Mwanzo nilikua napokea namba yoyote inayoniangukia, hela inakuja sina mpango nayo, inaishia kwenye kitenge na kutuma nyumbani. Halafu nikaanza kumuomba kijumbe anipangie namba kutokana na tarehe ya kodi yangu, kodi inaisha Agosti, mimi nipokee mwisho wa Julai. Ile 150,000 pamoja na ya kubana inaingia kwenye kodi moja kwa moja, haipiti hata mkononi. 2020 nikaenda kwa bibi nikamwambia bibi nakulipa mwaka mzima, akanipunguzia elfu tano kwa kila mwezi bila hata kubishana. 60,000 kwa mwaka hiyo. Na wale wa kausha damu sikuwaona tena.

Miaka iliyofuata nayo ilikua na yake. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ikaanza, Septemba wakaipunguza asilimia 30 lakini bado ilikua inauma, na mimi nilikua namtumia mama Njombe vihela vidogo vidogo kila wiki, 10,000, 15,000, kila ukituma kuna makato na kule akitoa kuna makato. Nikaongea naye tukakubaliana natuma mara moja tu kwa mwezi, akalalamika kidogo kwamba simkumbuki, tukaweka kwamba kila wiki nampigia simu tu. Agosti mwaka huo kodi ya majengo nayo ikaingizwa kwenye LUKU, 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na wapangaji wengi walilipa bila kurudishiwa. Sisi tulimwambia bibi akakubali tuikate kwenye kodi, ila ilibidi tukae na kumuonyesha meseji za LUKU moja moja.

2022 ndio mwaka ambao daftari langu lina rangi nyekundu kuliko yote. Vita ya Ukraine ilivyoanza petroli hapa ikapita 3,000 kwa lita, Mei nauli ya chini ya daladala ikatoka 400 ikawa 500, mafuta ya kula lita moja nilinunua mpaka 7,000, mchele ukaanza kupanda na haukushuka mpaka mwaka uliofuata. Oktoba maji yakakatika, mto Ruvu ulikua umepungua sana, mgao mji mzima, dumu la lita 20 tulilozoea kununua 200 likafika 700 na bado unapanga foleni. Mimi nilikua nimenunua pipa la lita 200 mwaka mmoja nyuma kwa 45,000 na watu walinicheka kwamba chumba kimoja unaweka pipa la nini. Usiku bomba likitoa maji saa nane nilikua naamka najaza, na asubuhi Bi Mkubwa anakuja na ndoo yake, hakuna kuuziana.

Desemba 2023 nauli ya chini ikawa 600. Januari 2024 sukari, mvua za El Nino zilivuruga viwanda, kilo ikapita 4,000 na madukani huioni. Hapo hata kununua kwa pamoja hakukusaidia kitu, jumla hawana na reja reja hawana, tukanywa chai ya tangawizi bila sukari, na nasema wazi kwamba kuna mambo ambayo hata ujipange vipi mtu mmoja huyamalizi na daftari. Kuna vitu ni vya serikali na wafanyabiashara wakubwa kuvirekebisha.

Kuna kitu huwa kinanikera, na nakisema kwa sababu nimekisikia mpaka kwa watu wa dini. Wanasema watu wa mjini hatujui bajeti, tunakula hela kwa mtindo wa siku kwa siku. Mimi mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi angalau kuna siku moja nashika laki mbili pamoja. Kijana wa boda anayepeleka hesabu 10,000 kila jioni kwa tajiri, akibaki na 6,000 atanunua gunia la mkaa na nini? Mama anayeuza maandazi anapata elfu tano leo na elfu tano hiyo ndio unga wa kesho. Wao hawajakosa akili ya kununua jumla, hela yao inaingia kwa kopo kwa hiyo inatoka kwa kopo. Ukitaka kumsaidia mtu wa namna hiyo usimpe semina, mchangie gunia moja mgawane, au mwenye nyumba akubali kodi ya miezi miwili kwa bei ile ile ya miezi sita.

Sasa hivi nimehama Buguruni, niko Tabata, chumba na sebule, mita yangu mwenyewe, 100,000. Mshahara umepanda kidogo. Mkaa nimeupunguza, nina mtungi wa gesi kilo 15, na ule mdogo wa kilo sita nilioanza nao nimempa msichana mgeni aliyeletwa dukani kwetu kutoka Songea. Alikua ananunua kopo. Nimemwambia tukinunua gunia la mchele mwezi ujao aingie na yeye awe wa tano, amesema ana 20,000 tu, nikamwambia leta hiyo hiyo utapata kilo zako.

Kodi yangu inaisha Machi na mwenye nyumba ameshanidokeza kwamba itakua 120,000, na anataka mwaka, na bila kumumunya maneno kwa mwaka ni 1,440,000 ambayo sina. Tumeongea akasema nikimpa mwaka kamili kabla ya tarehe 10 anaacha ile ile 100,000. Kwa hiyo ni 1,200,000. Nina 650,000 kwenye kikoba, mchezo sasa hivi tuko kumi na mbili wa 30,000 kwa hiyo anayepokea anaondoka na 360,000, lakini namba yangu ni ya Aprili. Anayepokea mwanzo wa Machi ni yule dada wa duka la vitambaa, kijumbe wetu mwenyewe. Nimemuomba tubadilishane, na iliyobaki nitaangalia kama tajiri wangu atanikopesha nusu mshahara. Kijumbe amesema anaongea kwanza na mume wake, atanijibu Ijumaa tukikutana kuchanga.